Kalamu Iliyomo Ndani ya Fonti: Hotuba kwa Wachapaji na Mafundi wa Kadi

Ndugu wachapaji, ndugu mafundi wa dizaini, mabibi na mabwana ambao kadi za watu hupita mikononi mwenu kabla hazijafika kwa waalikwa, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Mteja wa kadi ya harusi akifika dukani husema maneno yale yale: "Nataka yale maandishi ya kunakshi, kama ya mkono." Anachotaka ni fonti ya mwandiko wa kalamu, yenye herufi zilizolala na kushikana, mikia mirefu na vitanzi. Fonti hizo zina koo nyingi. Leo nashika ukoo mmoja tu, mwandiko wa duara wa Kiingereza, kwa kuwa huo ndio unaotumika sana kwenye kadi na vyeti vyetu, na ndio unaoharibika sana ukifika kwenye mashine. Jambo ninalotaka tuelewane ni hili: ndani ya fonti hiyo kuna kalamu. Fundi anayejua kalamu ilipopita hahitaji kukariri masharti, maana karibu kila kosa tunaloliona kwenye kadi ni mahali ambapo tumeilazimisha kalamu kufanya isichoweza.

Chukueni herufi n ndogo. Kalamu inaanza chini, inapanda kwa kuteleza bila kukandamizwa, na hapo unapata mstari mwembamba kama unywele. Inageuka juu. Mkono unakandamiza, meno mawili ya nibu, yaani ncha ya kalamu, yanaachana, wino unatanuka, unapata mguu mnene. Inapanda tena nyembamba, inazunguka, inashuka nene, kisha inatoka kwa mkono mwembamba unaokwenda kuipokea herufi inayofuata. Ikipanda ni nyembamba, ikishuka ni nene. Na herufi zote zimelala kwa pembe moja, nyuzi 52 hadi 55 kutoka kwenye mstari wa chini.

Ndugu zetu wa pwani waliozoea khati ya Kiarabu wanaijua kalamu nyingine, ile ya mwanzi iliyokatwa ncha pana. Kwa kalamu hiyo unene unatokana na pembe ya ncha, siyo nguvu ya mkono. Ndiyo maana maandishi ya kale ya miji ya Siyu na Lamu, pwani ya Kenya, yana uzito wa aina nyingine kabisa, na ndiyo maana ukiweka fonti ya duara chini ya Bismillah kwenye kadi moja, inabidi uache nafasi ya kutosha kati yake. Ni sauti mbili tofauti, na kila moja inastahili kusikika.

Mwandiko wa duara ulikomaa Uingereza mwishoni mwa karne ya 17 na katika karne ya 18, biashara ilipohitaji makarani wengi wenye mkono wa haraka na unaosomeka. Walimu wa mwandiko walichapisha vitabu vya mifano, na mifano hiyo haikupangwa kwa herufi za risasi, yaani herufi moja moja zilizotengenezwa kwa madini ya risasi. Ilichongwa kinyumenyume juu ya bamba la shaba. Mmoja wao alikuwa Charles Snell, aliyezaliwa mwaka 1667 na kufariki mwaka 1733, mtu wa vipimo na kanuni. Mwingine ni George Bickham wa London, aliyechonga kazi za waandishi wenzake na kuzitoa kwa mafungu kati ya 1733 na 1741. Chuma cha mchongaji kinaweza kukata mstari mwembamba kuliko kalamu yoyote ya unyoya. Kwa hiyo wanafunzi waliiga kwa mkono kitu kilichotoka kwenye chuma, na wembamba huo ndio tuliorithi.

Kwenye risasi mwandiko huu ulikuwa taabu. Kila herufi ya risasi inakaa juu ya kibao cha pembe nne, na herufi iliyolala inatoka nje ya kibao chake; ncha yake ikivunjika, imeharibika. Firmin Didot wa Paris alilishughulikia tatizo hilo mwanzoni mwa karne ya 19 kwa vibao vilivyokatwa mshazari. Ilipofika katikati ya miaka ya 1960, herufi zilipokuwa zinapangwa kwa filamu na mwanga, mchoraji wa herufi Matthew Carter aliurudisha mkono wa Snell kwa ajili ya Linotype, kampuni ya mashine za kupangia herufi. Filamu haina kibao, hivyo herufi ziliweza kushikana bila mshono kuonekana. Fonti hiyo, Snell Roundhand, ipo ndani ya kompyuta za Mac. Wenye Microsoft Office wengi wenu mna Edwardian Script, ya Edward Benguiat, ya mwaka 1994. Asiye na uwezo wa kununua anazo Great Vibes ya Robert Leuschke na Pinyon Script ya Nicole Fally, zinazotolewa bure kwa leseni ya wazi inayoruhusu kazi ya biashara. Someni leseni kila mara. Fonti iliyoandikwa kuwa ni ya matumizi binafsi haifai kwenye kadi unayouza, na mara nyingi imepunguzwa makusudi: haina tarakimu, haina ritifaa (ile alama ya '), haina baadhi ya alama.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, kwa sababu fonti hizi zilichorwa na watu waliokuwa na maneno ya lugha nyingine machoni.

Andikeni neno "muumini" kwa fonti yoyote ya duara, halafu hesabuni miguu inayoshuka. M ina mitatu, u miwili, u ya pili miwili, m tena mitatu, i mmoja, n miwili, i mmoja. Miguu 14, yote ya urefu mmoja, unene mmoja na pembe moja, na kinachomsaidia msomaji ni nukta mbili tu. Hakuna kitanzi kinachopanda, hakuna mkia unaoshuka. Jicho linaona uzio. Maneno kama "mwaminifu" na "muungwana" yana ugonjwa huohuo, na majina ya watu pia: Mwinyi, Muniu. Dawa ya kwanza ni kuchagua fonti ambayo n na u zinatofautika waziwazi pale zinapogeuka, n ikiwa na bega la mviringo juu na u ikiwa na tumbo la mviringo chini. Dawa ya pili ni kuongeza saizi ya neno hilo. Dawa ambayo siyo dawa ni kutawanya herufi. Ukiongeza nafasi kati ya herufi, hata kidogo, ile mikono myembamba haifikiani tena, na neno linakatikakatika kama ushanga uliokatika uzi. Nafasi ibaki sifuri. Ukipunguza chini ya sifuri, mikono inapandana na kutengeneza madoa.

Kuna upande ambapo lugha yetu inatupa neema. Karibu kila neno la Kiswahili linaishia kwa irabu. Fonti nzuri ina herufi mbadala zenye mkia wa mwisho wa neno, lakini nyingi zimewekewa mikia hiyo kwa kufuata herufi ambazo maneno ya Kiingereza huishia. Kabla ya kununua, tafuta kama kuna a, e, i, o na u za mwishoni, na uangalie herufi kubwa K, M, N, S na W, maana ndizo zinazofungua majina yetu mengi. Hizo zikiwa nzuri, fonti itakulipa. Zikiwa mbovu, uzuri wa Q na X hautakusaidia kitu.

Herufi kubwa za mwandiko huu zilichorwa zisimame peke yake, mbele ya neno. Kila moja inataka uwanja wake wa kuzunguka. Ukiandika HARUSI yote kwa herufi kubwa za mwandiko, umezirundika herufi sita ambazo hazina mikono ya kushikana, na msomaji atakisia tu. Hata moja ikiwa peke yake inaweza kudanganya: I na J hufanana, T na F hufanana, S na L pia. Imani husomeka Jmani, Fatuma husomeka Tatuma, Salma husomeka Lalma. Kipimo chake ni chepesi: mpe sampuli mtu asiyemjua bwana wala bibi harusi, asome kwa sauti. Akisita, badilisha herufi hiyo kwa mbadala wake ulio rahisi zaidi. Wewe fundi usijipime mwenyewe, kwa sababu umeshalijua jina tangu ulipolipokea kwenye simu.

Halafu kuna ritifaa. Jina kama Ng'ang'a lina ritifaa mbili, na kila moja inaangukia juu ya ule mkono unaotoka kwenye g kwenda kwenye a. Kwenye fonti nyingi nafasi ya ritifaa imepangwa kana kwamba neno limekwisha, hivyo g inatoa mkono na haupokelewi. Hapo, na hapo peke yake, unaruhusiwa kusogeza kwa mkono: chagua ritifaa, punguza nafasi kabla na baada yake mpaka mkono wa g uiguse a, kisha inua ritifaa kidogo isikanyage. Hakikisheni ni ritifaa iliyopinda, siyo kile kijiti kilichonyooka. Na wale wa Kenya mnaoandika majina ya Kikuyu kwa tahajia yake kamili, Mũthoni au Ngũgĩ, jaribuni ĩ na ũ kabla ya kumwahidi mteja. Fonti isipokuwa nazo, programu huazima herufi kutoka fonti nyingine kimyakimya, na unapata herufi moja iliyosimama wima katikati ya jina lililolala. Kosa hilo hupita kwa sababu kwenye kioo, kwa saizi ndogo, halionekani. Kuza hadi asilimia 400 na upitie kila jina.

Nakuja kwenye saizi, na hapa nitakaa, maana hapa ndipo pesa inapopotea.

Fonti hupimwa kwa pointi, na pointi moja ni milimita 0.353. Lakini fonti ya duara hutumia sehemu kubwa ya saizi yake kwa vitanzi vya juu na mikia ya chini. Mwili wa a, m na n huchukua karibu theluthi tu, mara nyingine pungufu. Kwa hiyo mwandiko wa pointi 24 machoni ni sawa na pointi 16 hadi 18 za fonti ya kawaida. Anayeweka maelezo ya kadi kwa mwandiko wa pointi 12 amempa shangazi yake maandishi ya kusoma kwa miwani.

La pili ni unywele, ule mstari wa kupanda. Tuseme kwenye fonti yako unywele ni sehemu 20 kati ya 1,000 za saizi. Kwa pointi 10, unywele ni milimita 0.07. Kwa pointi 24 ni 0.17. Kwa pointi 36 ni 0.25. Wino mweusi juu ya karatasi nyeupe laini kwa mashine ya ofseti unaweza kubeba milimita 0.1, kwa shida. Ukigeuza, herufi nyeupe ndani ya rangi iliyochanganywa kwa wino nne, mambo yanakuwa mengine: pleti nne, moja kwa kila wino, zikipishana hata kidogo, rangi moja inaingia ndani ya unywele na kuuziba. Hapo usishuke chini ya 0.25. Kwa uchapaji wa skrini, wino unaposukumwa kupitia wavu juu ya fulana au kitambaa, wekeni 0.3 kwenda juu, yaani pointi 45 hivi kwa fonti niliyoitolea mfano. Kwa stika zinazokatwa kwa mashine, unywele wa chini ya milimita 1 hung'oka pamoja na taka wakati wa kusafisha, kwa hiyo jina la pembeni ya gari linahitaji pointi 142 au zaidi. Kama nafasi haipo, chukua mwandiko mnene zaidi. Snell Roundhand ina uzito wa aina tatu, na ule mzito ndio wa kazi hizi.

Msibonyeze kile kitufe cha kukoza (Bold) kinachotengeneza unene wa bandia. Kinanenepesha pande zote, kupanda na kushuka kwa kiasi kilekile, na kitanzi cha e kinafumba. Kitufe cha kulaza (Italic) nacho kinailaza herufi ambayo tayari imelala. Na jina refu lisiposhika mstari, lisibanwe kwa kulivuta pembeni. Pembe ya nyuzi 55 inabadilika, na jicho hulijua hilo hata kama halijui jina lake. Punguza saizi, au weka jina la kwanza juu na la ukoo chini.

Dhahabu ina hila yake. Wateja wanaipenda, na wengi wetu tunaitengeneza kwa kuchanganya njano, nyekundu na kahawia kwenye kompyuta. Rangi ya namna hiyo huchapwa kwa vitone. Mguu mnene unavumilia vitone, lakini unywele ni mwembamba kuliko safu mbili za vitone, hivyo unatoka kama mstari wa nukta. Dhahabu ya mwandiko iwe wino wa dhahabu uliochanganywa tayari, au foili, ule utando mwembamba unaong'aa, inayopigwa kwa joto. Kwa foili, karatasi yenye mikwaruzo au nyuzi huikataa mistari myembamba; chagua laini. Maandishi meusi nayo yawe ya wino mweusi mmoja, asilimia 100, siyo mweusi wa wino nne.

Kadi nyingi siku hizi hazifiki kwenye karatasi kabisa, zinakwenda WhatsApp. Picha ya upana wa pikseli 1,080 hubanwa ikitumwa, na mstari wa pikseli moja au mbili unabaki kivuli. Tengenezeni unywele usiopungua pikseli 3, ambao kwa mfano wetu ni saizi ya pikseli 150. Mandhari ya maua nyuma ya jina yafifishwe, au jina liwekwe mahali patupu.

Kuhusu programu nitasema kwa ufupi. Kwenye Word, bonyeza Ctrl+D, nenda ukurasa wa Advanced, washa ligatures (mashiko ya herufi) na contextual alternates (herufi mbadala zinazofuata herufi jirani). Zisipowashwa, herufi mbadala zilizomo kwenye fonti hazitoki na mashiko mengine hayakai sawa. CorelDRAW kuanzia toleo la X6 ina uwezo huo. Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, geuza maandishi kuwa maumbo: Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, Ctrl+Shift+O kwenye Illustrator. Weka nakala ya pili yenye maandishi hai, kwa maana mama wa bibi harusi atabadilisha tarehe.

Baada ya kugeuza, kuna mtego. Herufi zinazoshikana kwa kweli zinapandana: mkono wa a umelala juu ya mguu wa n. Ukiziunganisha kwa amri ya Combine, kila mahali zinapopandana hutoboka na kuwa tundu jeupe. Ukipeleka kwenye mashine ya kukata stika, kisu hufuata kila mpaka na kukata neno vipandevipande. Tumia Weld, ambayo huyeyusha herufi zote kuwa umbo moja. Ukitaka kulizungushia jina mstari wa rangi ya pili, Weld kwanza, mstari baadaye; ukigeuza mpangilio huo, mishono yote itaonekana.

Kuliweka jina katikati pia kuna namna yake. Kompyuta hupima kutoka ncha ya mkia hadi ncha ya mkia. Herufi M yenye mkia mrefu wa kushoto itaisukuma "Mwanaidi" yote kulia, na kadi itaonekana imeelemea. Pima kutoka mguu mnene wa kwanza hadi wa mwisho, mikia iache ielee nje.

Kazi gani basi inafaa mwandiko huu? Majina ya maharusi kwenye kadi ya inchi 5 kwa 7, pointi 36 hadi 48. Jina la mhitimu kwenye cheti. Neno moja juu ya menyu, lebo ya udi au marashi, jina la marehemu kwenye jalada la ratiba ya mazishi. Maneno yanayosomwa polepole na kwa heshima. Namba ya simu, S.L.P., saa, ukumbi na maelekezo ya barabara viandikwe kwa fonti iliyosimama wima, pointi 10 au 11, kwa sababu 1 na 7 za mwandiko zimempoteza zaidi ya mgeni mmoja. Mwenza ninayempendekeza ni Baskerville. John Baskerville wa Birmingham alifundisha mwandiko kabla hajawa mchapaji katika miaka ya 1750, na wembamba na unene wa herufi zake vinatokana na mkono uleule. Fonti mbili za mwandiko kwenye kadi moja hazikai pamoja, hata kama kila moja ni nzuri kwake.

Mistari miwili ya mwandiko ikifuatana, iachanishwe kwa mara moja na nusu ya saizi: pointi 30, mstari wa 45. Kiswahili kina j, g na y nyingi zinazoshuka, na k, h na l nyingi zinazopanda. Andika "Ndugu yangu" juu na "Khalfani" chini, utaona mkia wa y ukitafuta kitanzi cha K au h. Vikigongana, usihamishe mstari mzima. Badilisha herufi moja kwa ile mbadala yenye mkia mfupi.

Kadi mlizokuja nazo ziko mezani, na rula ya milimita ipo hapo kando yake. Tuanze na ile yenye jina refu kuliko zote. Mwenye nayo aje mbele, tupime unywele wake.